Wageni Waliotoka Chini ya Ziwa

Jambo la kwanza ambalo mgeni huligundua kwa Pudentienne ni mikono yake, kwa kuwa mdomo wake huwa umejaa pini. Ukiingia katika chumba chake cha ushonaji pale Rwezamenyo, Kigali, na kumsalimu, hajibu kwa sauti. Anainua mkono, anaunganisha kidole gumba na cha shahada kufanya duara, na vidole vitatu vinabaki vimesimama. Maana yake: mzima, karibu, kaa. Ukimvalisha mwanao shati la shule na mabega yakabana, anakunjua kiganja na kukitikisa taratibu huku na huku: hapa pana tatizo. Wateja wapya hudhani ni bubu, humwonea huruma, na wengine hupaza sauti wakiamini kwamba hata masikio yake si mazima. Naye huwaacha. Huwaacha waseme yote waliyo nayo juu ya fundi wao wa zamani, juu ya waume zao, na siku moja juu yake yeye mwenyewe, kisha hutema pini kiganjani na kusema kwa utulivu, "Nimesikia yote, mama. Sketi itakuwa tayari Alhamisi."

Alama hizo hakuzipata kwenye ushonaji. Alizipata chini ya maji.

Pudentienne alilelewa Bujumbura, na wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia huko. Alipokuwa msichana alipata kazi kwa mfanyabiashara aliyeuza nchi za nje samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wenye mistari na rangi ambao watu wa Ulaya huwafuga sebuleni ndani ya masanduku ya kioo. Kazi yake ilikuwa kuwafunga katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Lakini alichoka kupokea samaki waliochubuliwa magamba na wanaume wenye haraka, akasema hata yeye angewakamata vizuri zaidi. Wanaume wakacheka, wakamtwika mtungi wa hewa mgongoni ili wamwone akirudi juu analia. Akarudi juu na samaki saba, wote wazima, na akawauliza kama wana mfuko mkubwa zaidi.

Familia iliporudi Rwanda, ziwa likabaki nyuma. Pudentienne akaolewa, akamzaa Ingrid, akajifunza kushona. Miaka mingi baadaye ndipo aliposikia kwamba kuna kikundi kidogo cha wazamiaji kinachokwenda Ziwa Kivu mara chache kwa mwaka. Mkuu wa kikundi ni Bruce, kijana aliyekulia Kampala, mpole kwa kila jambo isipokuwa sheria moja: hakuna anayezama peke yake. Kila mtu lazima awe na mwenza, na wenza hao hukaguana vifaa, hushuka pamoja na hupanda pamoja. Mwenza wa Pudentienne alikuwa Libère, dereva mstaafu, mpaka masikio ya Libère yalipokataa na daktari akamwambia abaki nchi kavu. Tangu siku hiyo Pudentienne alibaki kwenye boti, akilinda mifuko ya wenzake na kuwamenyea mayai ya kuchemsha.

Hilo angelivumilia. Ila mwaka huu Bruce alitangaza safari ya mwezi wa Agosti kwenda Kigoma. Kigoma ni Tanganyika. Ni ziwa lilelile la usichana wake, limetazamwa tu kutoka upande mwingine, na kwa kuwa mpaka umefungwa na njia ya Bujumbura siku hizi haipitiki, hakukuwa na mlango mwingine wa kulifikia. Pudentienne alitaka kuwaona tena samaki wale. Hakutaka kuwakamata, alitaka tu kuwaona wakiwa kwao.

"Ni watu wawiliwawili, Mama Ingrid," Bruce alimwambia. "Tafuta mwenza. La sivyo, Agosti utatulindia mayai."

Hapo ndipo Aidah anapoingia katika habari hii.

Aidah anakaa Kanombe. Alilelewa Morogoro, na alirudi Rwanda akiwa mtu mzima, akafanya kazi uwanja wa ndege, idara ya mizigo, mpaka alipostaafu mwaka huu. Yeye na Pudentienne walikutana miaka mingi iliyopita katika kamati ya harusi ya jirani, wakagundua kwamba wote wawili wanaongea Kiswahili, na kwamba watoto wao hawakielewi vizuri. Kuanzia hapo Kiswahili kikawa lugha yao ya utundu. Cha Aidah kimenyooka kama kitanda cha hospitali. Cha Pudentienne kimetoka Bujumbura na kimebeba mizigo yake yote.

Aidah alipostaafu, mwanawe Ntare, ambaye ni muuguzi, alimzawadia safari ya kwenda Unguja akapumzike kivulini na kunywa madafu. Aliporudi, Aidah alikwenda moja kwa moja Rwezamenyo. Pudentienne alikuwa na pini mdomoni, akamfanyia duara kama kawaida. Aidah naye akafanya duara. Kisha akafungua mkoba, akatoa kadi ngumu yenye picha yake, nywele zimelowa na macho yamemtoka, akaiweka juu ya cherehani.

Pudentienne aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Akatema pini.

"Wewe ulisema unaenda kulala kwenye kivuli."

"Kivuli nilikiona," Aidah akajibu. "Nilikiona kwa chini, cha mashua. Nimefaulu, mwenzangu. Mwalimu alisema nina utulivu."

"Alikulipisha?"

"Alinilipisha."

"Basi lazima aseme uko na utulivu," Pudentienne akasema, lakini kadi hakuirudisha. Miaka yote hiyo Aidah alikuwa akimuuliza anatafuta nini majini kama chupa iliyopotea. Hakuwahi kumwambia kwamba amekuwa akisikiliza majibu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, nacho kilikuwa na urefu wa karibu mita mbili na kilivaa koti jeupe. Ntare aliipokea kadi ya mama yake kwa adabu, akairudisha, akasema, "Bahari umeshaiona, Mama, inatosha. Lakini Kivu, hapana." Katika Rwanda kila mtoto amekua akisikia kwamba chini ya Kivu kuna gesi. Ni kweli ipo, lakini iko kilindini kabisa, na wazamiaji kama Pudentienne huishia juu, kama mgeni anayeishia barazani asifike hata sebuleni. Aidah alijaribu kumweleza mwanawe habari ya baraza. Ntare akasema yeye si mtu wa kuingia hata uani. Aidah akaitikia kwa kichwa, na Ntare akadhani kuitikia huko ni kukubali.

Kwa hiyo ilipofika siku ya jaribio, ambalo Bruce aliliweka ili kuona kama Aidah anafaa kwa Kigoma, Aidah aliaga kwamba anakwenda Rubavu na Mama Ingrid kwenye gusaba, ile sherehe ambamo familia ya kijana huja kumwomba binti, wasemaji wa pande mbili wakachokozana hadharani mpaka binti akatolewa. Wangelala huko, wangerudi kesho yake. Kulala ilikuwa lazima: mtu aliyetoka kuzama hapaswi kupanda mahali pa juu zaidi siku ileile, maana hewa aliyoivuta chini huweza kumdhuru, na barabara ya kutoka Rubavu hadi Kigali hupanda milima kabla haijashuka. Sherehe ilieleza kila kitu, hata kulala. Ulikuwa uongo uliokatwa kwa kipimo.

Tatizo la uongo uliokatwa vizuri ni kwamba lazima uuvae. Ntare alisisitiza kumpeleka mama yake hadi Rwezamenyo kwa gari, hivyo Aidah akatoka nyumbani alfajiri akiwa amevaa mushanana ya rangi ya zambarau, vazi la sherehe la wanawake wa Rwanda, kitambaa kimefungwa begani kama inavyotakiwa. Alikuwa amempigia simu Pudentienne usiku wa kuamkia siku hiyo, naye Pudentienne alikuwa mlangoni katika mushanana ya kijani, akitabasamu kama shangazi wa bibi harusi. Bruce na pikapu yake walijificha nyuma ya kona, mitungi imefunikwa turubai.

"Mmependeza," Ntare akasema. "Na zawadi je?"

Wanawake wale walitazamana.

"Nilijua mtasahau," akasema, akatoa kwenye kiti cha nyuma sanduku lililofungwa kwa karatasi yenye kung'aa na utepe mwekundu. "Chupa za chai. Seti nzima. Hamwezi kwenda mikono mitupu."

Njia nzima hadi Rubavu sanduku lile lilikaa mapajani mwa Aidah kama mtoto wa watu.

"Mtoto ako ni muzuri sana," Pudentienne akasema walipopita Musanze.

"Nyamaza, Mama Ingrid."

"Mi nasema tu. Umemudanganya, na yeye anakununulia chupa za chai."

"Nimekuambia nyamaza."

Ziwani, mambo yalianza na kiburi. Unguja Aidah alifundishwa katika maji ya chumvi, ambayo humwinua mtu, na ili ashuke alifungwa mkanda wenye vipande vingi vya risasi. Sasa alitaka idadi ileile.

"Hii maji haina chumvi," Pudentienne akamwambia. "Toa nusu."

"Mwalimu wangu alisema hii ndiyo yangu."

"Mwalimu ako alikuwa kwa bahari."

"Nina cheti, mwenzangu. Hukunipa wewe."

Pudentienne hakubishana. Alimwashiria Bruce asiseme neno, akamshika Aidah mkono, akamshusha pembeni ya gati, mahali ambapo maji yalifika kifuani tu. Aidah akatia kipumulio mdomoni, akapiga magoti, na akaketi chini ya ziwa kama gunia la maharage lililoteremshwa kutoka kwenye lori. Akajaribu kuinuka. Akajaribu upande wa kushoto. Mapovu yake yalipanda kwa hasira. Pudentienne aliinama juu ya maji, akamfanyia alama ya duara kwa kumuuliza: uko sawa? Baada ya kitambo kiganja kikatokea juu ya maji, kikatikisika huku na huku.

Walipomnyanyua, alifungua mkanda mwenyewe na kuanza kutoa vipande bila kumtazama mtu.

"Mama Cheti," Pudentienne akasema kwa upole.

"Usinizoee."

Kisha wakashuka kweli, wote wawili, na Bruce nyuma yao kwa mbali. Maji yalikuwa ya kijani, baridi kuliko alivyotarajia Aidah, na chini mawe yalikuwa meusi, ya volkano. Kundi la sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, lilipita juu yao likimetameta. Kaa mdogo alitoka kwenye ufa, akawatazama, akarudi. Pudentienne hakuwa akimtazama kaa. Alikuwa akimtazama Aidah, kwa jicho lilelile analomtazamia mtu anayevaa nguo kwa mara ya kwanza: wapi inabana, wapi inalegea. Mikono ya Aidah ilikuwa na shughuli nyingi mno, kama ya mtu anayefukuza kuku. Maji yakamwingia kwenye miwani. Pudentienne akasogea, mkono wake karibu na wa mwenzake, lakini hakumgusa. Alisubiri. Aidah alisimama pale alipo, akapumua, akalaza kichwa nyuma, akapuliza kwa pua kama alivyofundishwa, na miwani ikawa kavu. Mikono yake ikatulia baada ya hapo, kana kwamba kuku wote wameingia bandani.

Pudentienne alianza kuona samaki wenye mistari, ingawa Kivu hakuna samaki wale. Aliwaona kwa mawazo, wako Kigoma.

Hapo ndipo alipoguswa begani. Aidah alikuwa amemtazama pia, na alikuwa akitikisa kiganja: hapa pana tatizo. Akamwonyesha mgongo. Mtungi wa Pudentienne ulikuwa umeteleza ndani ya mkanda wake na kuning'inia kwa upande, ukisubiri kuanguka na kumvuta kipumulio mdomoni. Mkanda ule hulegea ukilowa, na mzamiaji huulowesha na kuukaza kabla ya kushuka. Pudentienne alijua hivyo tangu Bujumbura. Lakini asubuhi ile alikuwa na kazi ya kucheka.

Aidah alimgeuza kwa mabega, akamweka vizuri kama anayeweka sanduku la msafiri kwenye mizani. Akausukuma mtungi juu kwa goti. Akafungua bizimu, akavuta, akafunga, akavuta tena kuhakikisha. Alikuwa amekaza mikanda ya mizigo ya watu wa kila nchi kwa miaka, na mikono yake ilijua. Kisha akaja mbele, akasogeza uso wake karibu kabisa na wa Pudentienne, akafanya duara kubwa la mikono yote miwili juu ya kichwa, na ingawa mdomo ulikuwa umeziba, ilikuwa wazi kwamba anacheka.

Walipotoka majini, Bruce aliuliza swali moja tu. Kikundi hakikuwa na mtihani mwingine.

"Mama Ingrid, utashuka naye Kigoma? Ndiyo au hapana. Wewe ndiye unayejua."

Aidah alisimama akidondosha maji, akisubiri.

"Mi nitafikiri," Pudentienne akasema.

"Utafikiri?"

"Nitafikiri kwanza. Kuna mambo ya kilo."

"Na kuna mambo ya mkanda," Aidah akasema.

"Ndiyo maana nafikiri polepole."

Ukweli ni kwamba alishaamua. Lakini furaha yake ilikuwa kubwa mno kuitoa mara moja, na mwenzake alikuwa amemwona katika kosa la mwanafunzi, kwa hiyo alitaka kumweka juu ya makaa kidogo, angalau mpaka chakula cha mchana.

Ni mchana huo ndipo walipogundua kwamba, kwa kuwa mapezi na jaketi za hewa zilijaza mifuko, hakuna aliyebeba nguo nyingine. Walikuwa na mushanana mbili, na zawadi. Wakavaa. Wakapanda ngazi kutoka gatini kuelekea nyumba ya wageni waliyopanga kulala, na njia ilipita bustanini, na bustanini kulikuwa na mahema meupe mawili yanayotazamana, viti, maua, na wageni waliovaa kama wao.

Kijana wa mapokezi ya sherehe aliwaona: mama wawili watu wazima, mushanana, sanduku lenye utepe. Hakuuliza swali. Kuuliza kungekuwa matusi.

"Mmechelewa, wazazi wangu," akasema, akalipokea sanduku kwa mikono miwili na kuwaketisha safu ya pili, upande wa bwana harusi.

"Twende zetu," Aidah akanong'ona.

"Twende wapi? Wameshachukua chupa," Pudentienne akamjibu. "Na wataleta chakula."

Msemaji wa upande wa binti alikuwa mzee Mugenzi, mtu mwembamba mwenye fimbo na sauti ya kutosha mahema yote mawili. Upande wa kijana ulikuwa umeshaomba binti mara mbili, naye ameshakataa mara mbili, kama inavyopasa. Sasa alikuwa akitafuta sababu ya tatu, na macho yake yakatembea safu kwa safu yakatua juu ya Aidah. Miwani ya kuzamia huacha alama ikivuliwa, na alama ya Aidah ilikuwa bado nyekundu, kutoka paji la uso, ikashuka mashavuni, hadi juu ya mdomo.

"Kabla sijajibu," Mugenzi akasema kwa Kinyarwanda kilichopigwa pasi, "nataka kujua ni watu gani mmetuletea. Yule mama wa zambarau. Uso wake umegongwa muhuri. Nani amemgonga muhuri, na kwa kosa gani?"

Watu mia mbili waligeuka. Simu zikainuliwa. Katika gusaba, anayechokozwa hana ruhusa ya kunyamaza wala kukana. Lazima asimame na ajibu, na uzuri wa jibu ni heshima ya upande wake. Bwana harusi, ambaye hakuwahi kumwona Aidah maishani, alimtazama kwa macho ya kusihi.

Aidah akasimama. Kinyarwanda chake kina lafudhi ya Morogoro, na hakuwa na muda wa kubuni kitu. Akasema kilichokuwepo.

"Mzee, asubuhi hii nilikuwa chini ya ziwa hili. Nilivaa kioo usoni, ndicho kilichoacha muhuri. Mgongoni nilibeba hewa yangu mwenyewe. Nilimwona kaa."

Bustani nzima ililipuka kwa kicheko. Upande wa kijana walipiga makofi. Walikuwa hawajapata jibu zuri tangu asubuhi.

"Ulimwona kaa," Mugenzi akarudia, akijaribu kubaki mkali. "Na kaa alikuambia nini?"

"Alinitazama akarudi ndani. Labda alidhani nimekuja kuposa."

Mugenzi aliegemea fimbo yake mpaka kicheko kikapungua. "Mama, ulifuata nini huko chini?"

"Nilikwenda kupimwa," Aidah akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo, ingawa ni mtu mmoja tu aliyelisikia hilo. "Kuna safari rafiki yangu anaitamani sana, na hawezi kwenda bila mtu wa kumtegemea. Nilikwenda ili nijulikane kama mimi ni mtu wa kutegemewa."

"Sasa hilo ni neno la gusaba," mzee akasema. "Na matokeo?"

"Sijui, mzee. Huyu hapa wa kijani ndiye mwenye matokeo, na amenificha tangu asubuhi."

Mugenzi akamwelekezea Pudentienne fimbo. Simu zote zikahama. Pudentienne, ambaye kwa miaka amewaacha watu waseme mpaka wamalize, alikuta kwamba wamemaliza, na kwamba hana hata pini moja mdomoni ya kumpa udhuru. Akasimama. Akainua mkono na kufanya duara, vidole vitatu vimesimama, akaushika hivyo juu.

Watu walishangilia bila kujua wanashangilia nini. Mugenzi alitangaza kwamba familia yenye mashangazi wa aina hii haiwezi kunyimwa binti, na binti akatolewa.

Video ilifika Kigali kabla yao. Jumatatu Ntare aliikuta kwenye simu za wenzake kazini, imepewa jina la mama aliyemposa kaa. Jumanne jioni aliingia Rwezamenyo akiwa na suruali ya kupunguzwa. Pudentienne alimwashiria apande juu ya kigoda, akapiga magoti miguuni pake, akaanza kupachika pini.

"Mama Ingrid, shikamoo. Ile harusi ilikuwa ya nani?"

Duara.

"Bwana harusi anaitwa nani?"

Kiganja kikatikisika huku na huku.

"Kazini kila mtu anasema mama yangu ni mchekeshaji. Wameitazama hiyo video mpaka wamechoka kucheka. Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu mimi peke yangu najua ana kadi."

Pudentienne aliendelea na kazi. Ntare akaongea, akaongea zaidi: juu ya gesi, juu ya mama kumdanganya, juu ya zile chupa za chai alizozichagua mwenyewe kwa saa nzima. Alipotaka kushuka kwenye kigoda ili aseme neno la mwisho akiwa chini, aligundua kwamba mguu wa kulia wa suruali umeunganishwa na wa kushoto kwa mstari mzuri wa pini, kuanzia goti hadi kifundo.

"Sasa," Pudentienne akasema, mdomo uko wazi, "tunaweza kuongea."

"Mama Ingrid, nifungue."

"Utaanguka tu ukikimbia. Usikimbie." Akaketi sakafuni. "Umesema yote, na mengi iko kweli. Tulikudanganya, na mi naomba msamaha. Lakini mambo moja hukuiona kwa video." Akamweleza habari ya mtungi uliotoka kwenye mkanda, na nani alisahau, na nani aliona, na nani aliurudisha. Hakujipunguzia chochote.

"Nina mama mmoja tu," Ntare akasema.

"Na mi niko na mwenza mmoja tu. Huyohuyo."

Ntare alitazama juu, kwenye dari, kama watu warefu wafanyavyo wanapotafuta mahali pa kuweka macho. Kisha akasema kwamba yeye hawezi kukubali kitu ambacho hajakiona. Jumamosi hana zamu. Atakwenda Kivu, atakaa kwenye boti, ataona mama yake anavyoshuka na anavyopanda. Akipanda salama, hatazuia Kigoma. Asiporidhika, kadi itakaa kabatini na Mama Ingrid hatamshawishi tena. Pudentienne akampa mkono, kisha akamfungua, pini moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo natahiniwa tena," Aidah akasema kwenye simu usiku huo.

"Safari hii niko nawe kwenye mtihani. Mkanda nitaulowesha nyumbani."

Leo ni Alhamisi. Bruce amethibitisha pikapu, safari hii bila kona ya kujificha. Mlangoni Rwezamenyo kuna karatasi inayowaambia wazazi wa wanafunzi kwamba Jumamosi hakuna fundi. Ntare amepiga simu kila siku na swali jipya: kama boti ina kivuli, kama watu wa kwenye boti huvaa jaketi la kuelea, na leo mchana, kama kuna nafasi ya mtu mwingine, kwa maana mchumba wake Umulisa amesema hatakosa. Jioni hii wingu zito limesimama juu ya Rwezamenyo, na Aidah ametuma ujumbe wa sauti, wa tatu tangu asubuhi.

"Mwenzangu, na Jumamosi mvua ikinyesha je?"

Pudentienne ametema pini zake zote ili ajibu vizuri.

"Sisi tutakuwa chini, Mama Ntare. Mvua itamupata Ntare."